Paul Panda Farnana, Askari Aliyedai Haki ya Kusema

(Mazungumuzo mbele ya mukutano wa wandugu)

Wandugu wanaume na wanawake, wafanyakazi wa mugodi na watu wa muji, musikilize.

Mutu akikufa tunauliza: ameacha nini? Paul Panda Farnana alikufa tarehe 12 Mei 1930. Ametuachia swali hili: kama mutu mweusi anaweza kumwaga damu yake kwa ajili ya Ubelgiji, sababu gani asiweze kusema neno juu ya inchi yake mwenyewe?

Alizaliwa mwaka 1888 huko Nzemba, upande wa Banana, pahali muto wetu unaingia baharini. Mwaka 1900, angali mutoto, alipelekwa Bulaya. Akasoma kazi ya bustani na mashamba huko Vilvoorde, akapata diploma mwaka 1907. Mwaka 1909 akarudi Kongo, akafanya kazi katika bustani ya serikali huko Eala.

Vita ya 1914 ilimukuta Ubelgiji. Akajiandika katika kikosi cha Wakongomani wenye kujitolea, akapigana Namur. Wadachi wakamukamata Agosti 1914, na kifungo chake kule Udachi hakikuisha mbele ya vita kuisha.

Wakati ule ule, askari wa Force Publique walikuwa wakipigana huku Afrika, na Septemba 1916 waliingia Tabora. Nyuma yao walikuwa wapagazi maelfu, wenye kubeba risasi na chakula kichwani. Wengi walikufa njiani kwa magonjwa na uchovu. Sifa zikaenda kwa majenerali.

Panda hakunyamaza. Mwaka 1919 alianzisha pamoja na wenzake Union Congolaise, chama cha kusaidiana kwa Wakongomani waliokaa Ubelgiji. Wengi wao walikuwa askari wa zamani. Desemba 1920, katika mukutano mukubwa wa mambo ya koloni huko Bruxelles, alisimama mbele ya Wazungu akadai masomo kwa Wakongomani, na nafasi katika uongozi wa inchi yao. Mwaka 1921 alikuwa pamoja na Du Bois katika mukutano wa watu weusi uliofanyika Bruxelles. Magazeti fulani ya Ubelgiji yakasema ni kazi ya Wabolsheviki. Ndiyo desturi: mutu akidai haki, wanamupa jina baya kwanza.

Musikilize vizuri: Panda hakudai uhuru. Alidai masomo na haki ya kusema. Hata hicho kidogo alinyimwa. Mwaka 1929 akarudi kijijini kwake. Mwaka uliofuata akafa. Uhuru ulifika tarehe 30 Juni 1960, miaka makumi matatu nyuma ya kifo chake.

Wandugu, kati yenu wako wajukuu wa askari na wa wapagazi wale. Jina la Panda liliandikwa kwa kuwa alijua kuandika. Majina ya wengine yako vichwani mwa wazee tu. Mufike kwao, muwaulize, muandike. Mwenye kumusahau aliyebeba muzigo, kesho atabebeshwa yeye.