Shakira, Fadhili na Kinyozi wa Chawia

 

Jumamosi iliyopita nilipanda Chawia, juu kwenye vilima vyetu vya Taita, kumjulia hali mzee mmoja wa ukoo wetu. Kichwa changu kilikuwa kimeota msitu, nikaona si adabu kumtokea mzee hivyo, nikapitia kwanza kwa kinyozi. Kibanda cha mabati, kioo kimoja chenye ufa, mashine mbili zinaning'inia kwa waya zake, na spika ndogo kando ya chupa ya spiriti. Nje kulikuwa na manyunyu yale ya Chawia yasiyonyesha wala kuacha. Kwenye spika alikuwa Shakira, mwimbaji wa Colombia, akiimba Kihispania. Kinyozi wetu alikuwa akinyoa huku anaimba naye bila kukosea hata mahali pamoja, na Kihispania chenyewe hana hata cha kuombea maji.

Wimbo ukaisha, ukaingia mwingine. Sauti ni ile ile, ila sasa ni Kiingereza. Kinyozi akanyamaza, akazima mashine, akasema, "Hapa ndipo alipotupoteza. Alipoingia Kiingereza akawa kama hao wengine wote."

Dada mmoja aliyekuwa ameleta mwanawe kunyolewa akamrukia papo hapo. "Kwani kaka, hicho Kihispania ulikuwa unakielewa? Hiki cha sasa angalau unasikia anachosema."

Kinyozi akafikiri, akapuliza nywele kwenye mashine, akamjibu, "Sikuwa naelewa, dada. Lakini nilikuwa namwamini."

Msikilizaji, jibu hilo nimeshinda nalo wiki nzima. Mtu wa Chawia, asiyejua neno la Kihispania, ananuna kwa sababu mwanamke wa Colombia amekiacha Kihispania. Anadai nini hasa?

Turudi nyuma kidogo. Shakira alikuwa nyota mkubwa Amerika ya Kusini kabla ya sisi huku kumsikia. Mwaka 1998 alitoa albamu ya Kihispania iliyompa heshima ya mtunzi, msichana wa gitaa na nywele nyeusi, mwenye maneno makali. Kisha Novemba 2001 ikatoka *Laundry Service*. Nyimbo 13, tisa kati yake za Kiingereza, lugha aliyoisoma ukubwani ili aweze kutunga mwenyewe badala ya kuandikiwa. Nywele nazo zikageuka rangi ya dhahabu. Albamu hiyo iliuza nakala zaidi ya milioni 13 duniani, na jina lake likafika hadi vijiji ambavyo havijui Colombia iko upande gani wa bahari.

Kwa mashabiki wa zamani ilikuwa msiba na harusi siku moja. Wapo waliosema amejiuza kwa Wamarekani. Wapo waliosema kwamba kwa Kihispania alikuwa mshairi, na kwa Kiingereza anapapasa kama mtu anayetafuta swichi gizani. Wengine wakajibu kwa fahari, "Mwacheni, huyu ni wetu, na sasa dunia nzima inamjua." Halafu kuna kundi la tatu ambalo halikuzaliwa kwenye ugomvi huo. Hilo lilimjua kwa Kiingereza kwanza, likavutiwa, likarudi nyuma kutafuta nyimbo zake za Kihispania. Kinyozi wetu ni wa kundi hilo. Aliingia kwa mlango wa Kiingereza, akajikuta amekaa sebuleni kwa Kihispania, na sasa anaulaumu mlango.

Na tusijifanye hatumjui. Mwaka 2010, Kombe la Dunia lilipokuja Afrika Kusini, nani hapa hakuimba *Waka Waka*? Watoto wa shule waliimba, makanga waliimba, hata wazee wasiojua mpira una wachezaji wangapi walitikisa bega. Ulikuwa wimbo wa Kiingereza. Lakini jiulize, ni kipande gani kilichobaki mdomoni mwako? Ni kiitikio, na kiitikio hicho kilitoka kwenye wimbo *Zangaléwa* wa kundi la Golden Sounds la Cameroon, wa mwaka 1986. Ubeti wa Kiingereza, ambao wengi wetu tungeweza kuutafsiri, tumeusahau. Kile cha Cameroon, ambacho hatukuelewa hata silabi moja, tunacho mpaka leo.

Sasa tuje nyumbani, maana jambo hili si la Colombia peke yake.

Hapa Taita tuna mtu wetu. Fadhili William Mdawida. Hilo jina la mwisho, yaani Mtaita, ni cheti cha kuzaliwa, halihitaji muhuri wa chifu. Alizaliwa mwaka 1938 katika Taita hii hii, akaenda Nairobi na gitaa lake, na mwanzoni mwa miaka ya 1960, akiwa na bendi ya Jambo Boys, akauweka wimbo *Malaika* kwenye santuri. Nani hasa aliutunga wimbo huo ni kesi ya miaka mingi. Wapo wanaomtaja Adam Salim wa Tanzania, wapo wenye majina mengine, na mimi leo si hakimu. Ninachosema ni kwamba sauti ya kwanza kuurekodi ilikuwa ya Mdawida. Baada yake akaja Miriam Makeba, akauimba pamoja na Harry Belafonte kwenye albamu yao ya mwaka 1965. Mwaka 1981 wakaja Boney M kutoka Ujerumani. Baadaye Angélique Kidjo wa Benin. Maneno mawili matatu yaligeuka vinywani mwao, kama inavyokuwa mtu akiimba lugha isiyo yake, na sisi tulicheka tu, tukaendelea kuimba nao.

Angalia jambo hili sasa. Fadhili hakuuimba *Malaika* kwa Kidawida, lugha yetu Wataita. Aliuimba kwa Kiswahili, lugha iliyotupandia vilima hivi kutoka pwani kwa misafara, kwa reli, kwa shule na kwa soko. Kwa bibi aliyekuwa akipalilia shamba lake Chawia miaka hiyo, Kiswahili kilikuwa kama Kiingereza cha Shakira: lugha ya wenye mji. Kwa hesabu ya kinyozi, Fadhili naye alitupoteza. Lakini sijawahi kumsikia mzee yeyote wa Taita akimlaumu. Ukiutaja *Malaika* kwenye kikao cha wazee, kila mmoja atakuambia, "Ule ni wetu." Kwa nini Fadhili asamehewe na Shakira anuniwe?

Wengine watanirushia methali: mwacha mila ni mtumwa. Methali ni nzuri, ila inauliza kama mtu ameacha, haisemi kila anayevuka mto ameacha. Fadhili alivuka na mzigo wake. Alichoimba ni kijana anayempenda msichana na hana mahari. Hiyo ni hadithi ya Chawia, ya Bura, ya Mgange, ya kila boma ambalo wajomba wamewahi kukaa wakahesabu mbuzi. Lugha ilikuwa ya wote, shida ilikuwa ya nyumbani. Bibi yule wa shambani hata kama maneno mengine yalimpita, shida aliitambua.

Tukija karibu zaidi, Juni 2020 Sauti Sol walitoa *Midnight Train*. Hawa ni vijana wa Nairobi waliotufundisha kwamba Kiswahili kinaweza kuvaa suti. Albamu hiyo nyimbo zake nyingi zilikuwa za Kiingereza, na nakumbuka manung'uniko ya siku hizo kwenye matatu za kwenda Mwatate: "Hizi wamemwimbia nani?" Sikiliza swali lilivyo. Hakuna aliyesema nyimbo ni mbaya, wala kwamba hawajui kuimba. Watu waliuliza nani anaimbiwa. Na humo humo kwenye albamu kulikuwa na *Suzanna*, ya Kiswahili, na ndiyo niliyoisikia ikipigwa kwenye kila gari nililopanda.

Hapo ndipo nilipomwelewa kinyozi wangu. Shabiki hamiliki lugha ya mwimbaji. Anachomiliki ni ile hisia kwamba mwimbaji, anapofungua mdomo, anamtazama yeye. Lugha ikibadilika, shabiki anashtuka kama mtu aliyekuwa akizungumza na rafiki, mara rafiki akageuza uso akaanza kuzungumza na mtu aliye nyuma yake. Huenda anayosema ni yale yale. Lakini uso umegeuka.

Simlaumu mwimbaji kwa kutafuta soko. Mkono mtupu haulambwi, na studio hailipwi kwa sifa. Tena kuvuka si lazima kuwe kwa upande mmoja. Selena, yule binti wa Texas aliyeuawa Machi 1995, lugha yake ya kwanza ilikuwa Kiingereza. Kihispania alijifunza kwa kuimba, na Wamexico wakamkumbatia kama mtoto wao. Albamu yenye nyimbo zake za Kiingereza ilitoka Julai mwaka huo, yeye akiwa kaburini, ikaingia moja kwa moja nafasi ya kwanza Marekani. Na siku hizi yupo Bad Bunny wa Puerto Rico, ambaye amekataa kata kata kuhamia Kiingereza. Mwaka 2020 albamu yake ikawa ya kwanza ya Kihispania kitupu kushika nafasi ya kwanza kwenye chati kuu ya albamu Marekani. Kwa hiyo yule anayemwambia kijana wa Voi kwamba bila Kiingereza hutoki, amechelewa na habari.

Hukumu yangu basi ni hii. Shabiki ana haki ya kununa, maana kununa ni kudai nafasi yake mezani. Hana haki ya kumfunga mwimbaji kamba mguuni. Mwimbaji naye aende atakako, ila ashike alichotoka nacho nyumbani, kama Shakira alivyoweka filimbi za milima ya Andes ndani ya wimbo wa Kiingereza, kama Fadhili alivyoweka mahari ya Taita ndani ya Kiswahili. Wenye nyumba watamjua tu.

Lakini sijamaliza na kinyozi. Kabla sijalipa nilimwuliza, "Kaka, unalilia Kihispania cha watu. Humo kwenye simu yako mna wimbo gani wa Kidawida?"

Akacheka. Akaanza kutafuta. Kidole kikapanda, kikashuka, kikapanda tena. Mvua ilikuwa imeanza kunyesha kweli sasa. Mwishowe akapata mmoja, kwaya ya akina mama iliyorekodiwa kwa simu kwenye matanga, upepo unavuma ndani yake na jogoo anawika katikati ya ubeti. Akaupiga. Kibanda kizima kikatulia. Yule mtoto, kichwa chake kimenyolewa nusu, akamgeukia mama yake akamwuliza, "Mama, wanasema nini?"

Na mama akamfafanulia, kwa Kiswahili, polepole, mstari kwa mstari.

Msikilizaji, Colombia wana watu wa kutosha wa kukilinda Kihispania. Kidawida kina sisi. Kwa hiyo nawaomba ninyi vijana mnaorekodi, mlioko Chawia, Mbololo, Sagalla na Voi: imbeni Kiswahili, imbeni Sheng, imbeni Kiingereza mkitaka kufika mbali. Ila katika kila nyimbo kumi, moja iwe ya Kidawida au Kisagalla au Kitaveta, na iwe nzuri kama hizo tisa, isiwe ya kujazia. Ileteni hapa studioni. Tutaipiga mchana, watu wakiwa macho.