Asiyekubali Kushindwa si Mshindani



Leo tuzungumze juu ya uchaguzi wa jirani zetu wa Burundi. Ulitufikia hata sisi wa Kibondo na Kasulu.

Mwezi Juni 1993 Warundi walipiga kura. Rais Pierre Buyoya, mwanajeshi aliyetwaa madaraka mwaka 1987, alishindwa na Melchior Ndadaye. Buyoya alikubali. Tarehe 10 Julai Ndadaye aliapishwa kwa amani. Jambo hilo lilisifiwa sana.

Lakini wako wanajeshi ambao hawakukubali. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo huo walimwua Ndadaye. Vita vikazuka. Wakimbizi wakaja kwetu, mizigo kichwani, watoto mgongoni. Miaka iliyofuata, hapa Nduta pakawa na kambi yao.

Je, tumejifunza nini? Mgombea kukubali kushindwa ni vyema, lakini peke yake hatoshi. Wafuasi wake nao sharti wakubali, na wenye bunduki pia.

Basi tuanzie kijijini. Tukichagua mwenyekiti, aliyeshindwa ampe mwenzake mkono mbele ya watu. Na sisi tuliompigia kura tufanye vivyo hivyo, kisha twende shambani pamoja.