Ulimi wa Mkristo Wakati Jirani Hayupo

Ndugu wachungaji, wazee wa kanisa na washiriki wenzangu, mada niliyopewa ni usemi wenye neema katika jamii iliyogawanyika, nami nitaijadili kwa mfano wa Kenya, nchi yenye makanisa tele na chaguzi zenye majeraha. Hoja yangu ni kwamba usemi wa namna hii hauwezi kupimwa kwa salamu tunazompa mtu wa kabila jingine tukikutana naye mlangoni mwa kanisa. Hupimwa kwa yale tunayoyasema juu yake tukiwa wenyewe kwa wenyewe, kwa lugha yetu ya nyumbani, yeye akiwa hayupo.

Mstari tunaoukimbilia sana ni ule wa sura ya 4 ya Waraka kwa Wakolosai, ambapo Mtume Paulo, akiwa kifungoni, anawataka waumini wawe na maneno yaliyokolea chumvi. Kwa kawaida tunaufundisha kama somo la adabu, ndugu wa lile la kumpisha mzee kiti. Lakini agizo hilo linafuata moja kwa moja agizo la kuwa na hekima mbele ya watu walio nje ya kanisa. Tena, ukirudi sura ya 3, Paulo anawaagiza wavue hasira, uovu, matukano na uongo, dhambi ambazo nyingi makao yake ni kinywani. Mara tu baada ya hapo anatangaza kwamba ndani ya Kristo tofauti ya Myunani na Myahudi, ya mshenzi na Mskithi, ya mtumwa na mtu huru, haina nguvu tena. Mpangilio huo una maana. Kwa Paulo, kusafisha kinywa na kubomoa ukuta wa ukabila ni kazi moja. Wala hakuishia kwenye nadharia: barua hiyo ilipelekwa Kolosai na Tikiko akifuatana na Onesimo, mtumwa wa Filemoni, ambaye Paulo anamtambulisha kwa kanisa zima kama ndugu mpendwa na mwenzao.

Sasa tuipime Kenya kwa kipimo hicho. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa moto likiwa na watu waliokimbilia humo kujinusuru. Tume ya Jaji Philip Waki iliyochunguza ghasia hizo iligusia pia mchango wa baadhi ya vituo vya redio vya lugha za kienyeji katika kuchochea chuki. Katika Bonde la Ufa, wakazi wenye asili ya kwingine walikuwa wameitwa madoadoa, na doa kazi yake ni kufutwa. Matamshi hayo hayakuhitaji wapagani kuyaeneza. Wasikilizaji wengi walikuwa watu wa kwenda kanisani. Februari 2008 Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kenya lilikiri hadharani kwamba viongozi wa makanisa walikuwa wameegemea pande za kisiasa. Ungamo hilo ni la heshima, ingawa lilitoka makaburi yakiwa yameshachimbwa.

Wapo watakaosema kwamba usemi wenye neema ni jina zuri la woga, na kwamba manabii hawakubembeleza mtu. Ni kweli. Amosi aliwashambulia matajiri wa Samaria, na Yesu alimwita Herode mbweha. Lakini tazama ukali wa Yesu ulielekea wapi: kwa mtawala, na kwa viongozi wa dini ya kwao mwenyewe. Yakobo na Yohana walipotaka moto ushuke juu ya kijiji cha Wasamaria, waliokemewa ni wao. Kenya ina warithi wa ukali huo. Maaskofu Henry Okullu, David Gitari na Alexander Muge waliikosoa serikali ya chama kimoja, upigaji kura wa mlolongo ukiwemo, wakati ambapo kusema hivyo kulikuwa na gharama. Walitaja uovu na wakataja wenye mamlaka. Ukosoaji wa aina hiyo una chumvi ya kutosha, na haumfanyi mkulima wa kijiji jirani alale nje.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwamba chanzo cha ugomvi ni ardhi na umaskini, maneno ni moshi tu. Nakubali nusu yake. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilionyesha jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa kinyume cha sheria kwa watu wenye vyeo na wenye kujuana nao. Hata hivyo, ghasia zilipozuka, walioteketezewa nyumba wengi walikuwa watu wa kawaida. Dhuluma iliyosainiwa ofisini ilihamishiwa kwa jirani, na chombo kilichoihamisha ni maneno.

Mwaka 2021 Kanisa la Anglikana, na baadaye Wakatoliki na Wapresbiteri, waliwakataza wanasiasa kuhutubia ibadani. Hatua ilikuwa njema, ila ilishughulikia ulimi wa mgeni. Ulimi wa mwenyeji bado uko huru katika makundi ya WhatsApp ya washirika, matangani, na katika maombi yanayomwombea mgombea wa kwetu kana kwamba Mungu ni wa ukoo wetu. Kabla ya kampeni za 2027 kupamba moto, naomba kila baraza la wazee lililowakilishwa hapa liamue ni nani atakayemkanya mshirika anayelitukana kabila jingine, na akubali kumkanya kwa lugha ileile aliyotukania, mbele ya walewale waliocheka.