Wenyeji Walimjua Kabla ya Wataalamu

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, Mutuka, Babati)



Huku kwetu Manyara ukitaja hifadhi watu hufikiri Tarangire, tembo na mibuyu. Leo nitawapeleka kusini, kwenye milima ya Udzungwa, kati ya Iringa na bonde la Kilombero. Mwaka 1992 kilometa za mraba 1,990 za milima hiyo zilifanywa Hifadhi ya Taifa. Humo mgeni hutembea kwa miguu. Msitu wa mvua huanzia chini, meta 250 tu juu ya usawa wa bahari, ukapanda hadi vilele vinavyopita meta 2,500.

Mwaka 1979 wataalamu wawili, Katherine Homewood na Alan Rodgers, walikuwa katika msitu ulio juu ya kijiji cha Sanje wakichunguza mbega wekundu. Wakasikia mlio wa kima wasioutazamia kabisa mahali pale. Mwenyeji aliyewaongoza hakushangaa. Aliwaambia huyo ni ngolaga. Vitabuni hakuwamo! Leo wataalamu humwita mangabe wa Sanje, na duniani kote hapatikani ila Udzungwa.

Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark waliona ndani ya sufuria ya kitoweo kambini miguu ya ndege wasiyoitambua. Ndiye kwale wa Udzungwa, ambaye ndugu zake wa karibu wako Asia. Ugunduzi wa namna hiyo kutoka jikoni, nadhani hata mwalimu wetu wa bailojia hakupata kuufundisha.

Kisha kipunji. Huko Rungwe wawindaji wa Kinyakyusa walimtaja kima mwenye haya, na wataalamu wakadhani pengine ni hadithi tu. Akaonekana huko mwaka 2003, na mwaka 2004 wengine wakaonekana msitu wa Ndundulu, Udzungwa. Mwaka 2006 ilibidi apewe jenasi yake peke yake, jambo lisilotokea kwa kima wa Afrika kwa zaidi ya miaka 80.

Si wote waliobahatika. Penye maporomoko ya mto Kihansi aliishi chura mdogo sana, aliyetegemea manyunyu ya maji. Alijulikana kwa wataalamu mwaka 1996. Mwaka 2000 mtambo wa umeme wa megawati 180 ulikuwa umeanza kazi na maji yakapungua. Mwaka 2009 ilitangazwa kuwa ametoweka porini. Bahati njema wengine walikuwa wamehifadhiwa Marekani, katika bustani za Bronx na Toledo, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa. Umeme tunauhitaji, sikatai. Lakini kama uchunguzi ungechelewa miaka michache, asingebaki hata mmoja wa kurudishwa.

Wala watu wanaoishi kando ya msitu wasisahauliwe. Kwa miaka mingi akina mama wa vijiji vya Udzungwa waliruhusiwa kuokota kuni kavu hifadhini siku moja kwa wiki. Mwaka 2011 ruhusa hiyo ikakoma. Sababu za kulinda msitu nazielewa. Hata hivyo, aliyelijua jina la ngolaga alitoka katika nyumba kama hizo, na naona ni haki watu hao waitwe mezani mambo ya msitu yanapoamuliwa.

Sasa turudi kwetu. Juu ya mlima Kwaraa uko msitu wa hifadhi wa Ufiome, na upande wa magharibi uko msitu wa Nou. Wazee wa Kigorowa na wa Kiiraqw wanayo majina ya ndege, wanyama na miti ya humo, na kila mwaka tunawazika wengine nayo. Vijana, likizo hii nendeni kwa babu na bibi zenu na daftari. Andikeni jina, mlio, mwezi anaoonekana, na mara ya mwisho alipoonekana. Msiogope kuandika jina ambalo halimo kitabuni. Daftari nimeleta ishirini, ziko kwa mwalimu wa bailojia. Atakayemaliza lake aje achukue jingine.