Kura na Mvua za Vuli
Uchaguzi wa serikali za mitaa Tanzania mwaka 2024 ulifanyika Novemba 27, katikati ya msimu wa vuli. Kwa mkulima wa Bonga au Gallapo, huko Babati, ardhi ikilowa leo hupandwa leo. Mahindi na mbaazi havingoji. Na udongo ukianza kunata viatuni, njia ya kituoni humrefukia mama mwenye mtoto mgongoni. Lakini watu wasipojitokeza kupiga kura, tusiisingizie mvua kila kitu. Chaguzi kuu za 2010 na 2015 zote zilifanyika mwishoni mwa Oktoba, ila kiwango cha waliojitokeza kilipanda kutoka takribani asilimia 43 hadi 67. Huenda ushindani ulichangia kuwatoa watu nyumbani. Wasimamizi wasogeze vituo karibu na vitongoji, na turubai ziwepo.