Difuloki Wakati wa Masika

Msikilizaji, mvua za masika zimeshika. Wengi wenu wenye pikapu hutoka Kiembeni au Mtopanga kwa njia za matope, kisha mkaingia lami ya Nyali kuelekea darajani. Hapo ndipo difuloki iliyosahauliwa inapoleta hatari.

Gari linapokata kona, tairi la nje husafiri mwendo mrefu kuliko la ndani. Difu, yaani gia zilizo kati ya tairi hizo mbili, huyaruhusu yazunguke kwa kasi tofauti. Udhaifu wake ni huu: tairi moja likikosa mshiko topeni, hilo ndilo huzunguka bure na jingine likasimama. Difuloki huyafunga yote mawili yazunguke pamoja, na lililo kwenye ardhi ngumu likasukuma gari.

Sasa tuseme umeiacha difuloki imefungwa kwenye Barabara ya Links ya Nyali iliyolowa. Ukikata kona, gari litang'ang'ania kwenda mbele, ama mkia utateleza, na watoto wa shule wako kando hapo. Kwenye baadhi ya pikapu difuloki ikiwaka, mfumo wa ABS wa breki nao huzimika. Lami ikiwa kavu, tairi huliwa na ekseli huweza kuvunjika.

Ndugu dereva, iwashe kabla hujazama, gari likiwa limesimama au linatambaa, usukani umenyooka. Usiiwashe tairi likizunguka kwa kasi. Ukitoka topeni izime, na hakikisha taa yake imezimika. Wakati mwingine hukawia kuachia mpaka usogee mita chache.

Na maji yakipita kwa nguvu juu ya barabara, difuloki haikusaidii. Ngoja yapungue.