Uso Katika Kitambaa cha Veronika

Katika Njia ya Msalaba twamwona Mtakatifu Veronika na kitambaa chake. Mwaka 1649 Claude Mellan wa Ufaransa alikichora kitambaa hicho katika bamba la shaba. Uso wa Bwana ameufanyiza kwa mstari mmoja tu, uanzao nchani mwa pua na kuzunguka, na kuzunguka, hata ukingoni. Penye kivuli mstari wanenepa, penye nuru wakonda. Ndipo macho, damu na taji ya miiba hutokea. Wako wasemao ni hila ya mkono tu. Sisi hatukubali: chini mna maneno ya Kilatini, maana yake, aliye wa pekee amefanyizwa kwa mstari wa pekee. Walimu, mtoto na aufuate kwa kidole. Hafiki kwenye miiba asipopita machoni.